Gia ya Chini Itiwe Kabla ya Shida, Si Baada Yake

Ndugu mkulima, leo sitaki kusema nawe juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kusema juu ya mkono mmoja mdogo, ulio kando ya mkono mkubwa wa gia katika pikapu zile zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Huenda ukasema, "Mimi si dereva, jambo hilo lanihusu nini?" Lakini maembe yaliyomo nyuma ya gari ni yako. Machungwa ni yako, nazi ni zako, na ikiwa pikapu ni ya kikundi, basi hata gari lenyewe ni lako kwa fungu lako. Mwenye mzigo ana haki ya kujua mzigo wake unapelekwaje.

Sisi wa Matuga tunaishi katika nchi ya namna mbalimbali. Chini, upande wa bahari, kama Waa na Tiwi, kuna mawe ya matumbawe na mchanga. Juu, upande wa Shimba Hills, ardhi hupanda hata kupita mita 400 juu ya bahari, na katika skimu za Lukore, Majimboni na Mwaluvanga njia za mashamba hupanda vilima na kushuka mabonde. Mvua za masika hufika kilele mwezi wa Mei, na za vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Barabara kuu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga ina lami, na ile inayotoka Kombani kupanda mpaka mji wa Kwale ina lami vilevile. Lakini embe halioti kando ya lami. Hutoka shambani kwa njia ya udongo, na gari la mkulima hukwama katika kilomita mbili tatu za kwanza za safari, si katika kilomita za mwisho.

Nitakuambia niliyoyaona kwa macho yangu. Ilikuwa vuli ya mwaka 2023, ile iliyokuja na mvua nyingi za El Niño. Nilikuwa nimesimama na majirani kando ya njia moja ya bondeni. Pikapu ya kikundi fulani, imejaa makreti ya maembe, ilikuja kupanda mlima. Dereva wake alikuwa kijana hodari, lakini aliuingia mlima kwa mbio, magurudumu ya nyuma peke yake yakivuta. Alipofika nusu, gari lilianza kuchoka. Akashika klachi nusu na kukanyaga mafuta, mara klachi ikaanza kunuka kama mpira unaoungua. Gari likasimama. Akalirudisha nyuma kidogo akajaribu tena. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yakachimba mashimo mpaka akseli ikagusa udongo. Ndipo alipoukumbuka ule mkono mdogo, akautia. Kumbe amechelewa. Magurudumu ya nyuma yamo shimoni na ya mbele hayana pa kushika.

Makreti yakashushwa moja moja. Yakalala mvuani usiku kucha, na siku ya pili mnunuzi akayakatia bei. Klachi nayo ikawa kazi ya fundi. Fedha ambazo wanachama walitarajia kugawana zikaliwa na mlima usiozidi mita mia mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja, nalo ndilo nitakalolitetea katika ukurasa huu. Gia ya chini si dawa ya gari lililokwama. Ni kinga ya kuzuia gari lisikwame. Itiwe kabla ya shida, na itolewe mara shida inapokwisha.

MKONO HUO UNAFANYA NINI?

Wazee watakumbuka Land Rover za zamani za mabwana shamba. Mbali na mkono wa gia, zilikuwa na mikono miwili midogo sakafuni, mmoja wenye kichwa chekundu na mmoja wenye kichwa cha manjano. Ule wa manjano ulitia magurudumu ya mbele kazini. Ule mwekundu ulikuwa wa gia ya chini. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, na kabla yake jipu za Wamarekani zilizotumika katika Vita Kuu ya Pili zilikuwa na gia ya namna hiyo. Mwaka 1979 Toyota nao wakaanza kuuza Hilux yenye kuvuta kwa magurudumu manne. Kwa hiyo jambo hili si geni, ila wengi tumelirithi bila ya kufundishwa.

Siku hizi utaona maandishi matatu, ama kwenye kichwa cha mkono ama kwenye kitufe cha kuzungusha: 2H, 4H na 4L. Magari mengine huandika herufi kwanza, yaani H2, H4 na L4. Maana ni ile ile. Katika 2H magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayovuta, na gari huenda kwa mwendo wake wa kawaida. Katika 4H yote manne huvuta, mwendo ukiwa ule ule wa kawaida. Katika 4L yote manne huvuta, lakini nguvu ya injini hupitishwa kwanza katika gia nyingine, ndani ya sanduku dogo ambalo mafundi huliita transfa. Gia hiyo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu.

Huongeza kiasi gani? Katika Hilux na Land Cruiser pikapu za siku hizi, ni kadiri ya mara mbili na nusu. Fikiri hivi. Ukiwa katika gia ya kwanza na gari linakwenda kilomita 10 kwa saa, ukitia 4L na kuiacha injini izunguke vilevile, gari litakwenda kilomita 4 tu kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Lakini nguvu inayofika kwenye magurudumu itakuwa mara mbili na nusu ya ile ya kwanza.

Sasa shika jambo moja ambalo wengi hukosea. Gia ya chini haiongezi mshiko wa tairi. Mshiko hutoka kwa tairi na ardhi inayokanyagwa. Katika 4H magurudumu manne hushika, na katika 4L ni manne yale yale. Kinachozidi ni nguvu na upole wa mwendo. Ukiwa juu ya udongo unaoteleza kama sabuni, nguvu nyingi yaweza kuwa adui, kwa sababu gurudumu huzunguka bure na kujichimbia kaburi lake. Ndiyo maana yule kijana hakuokolewa na mkono mdogo. Alikuwa na nguvu ya kutosha, ila hakuwa tena na pa kukanyaga.

MAHALI PA KUTIA GIA YA CHINI

Mahali pa kwanza ni mlima mkali wenye mzigo. Simama chini kabla hujaanza kupanda, mahali palipo sawa, utie 4L, kisha panda kwa gia ya pili au ya kwanza, polepole, bila ya kubadili gia njiani na bila ya kuchezea klachi. Injini iende sauti moja tu. Mzigo mzito na uwekwe mbele, karibu na kibanda cha dereva. Ukirundikwa nyuma kabisa, mlimani magurudumu ya mbele huwa mepesi, na gurudumu jepesi halivuti wala halipindi vizuri. Na watu waliopanda juu ya mzigo washuke watembee. Mlima si mahali pa abiria kukaa juu ya makreti.

Ikiwa gari limeshindwa kufika juu, usijaribu kuligeuza kwa ubavu, maana litapinduka. Kanyaga breki, tia gia ya kurudi nyuma ukiwa bado katika 4L, uondoe mguu kwenye klachi kabisa, na lirudi moja kwa moja kwa njia ile ile lililopandia, injini ikilizuia.

Mahali pa pili ni mteremko wa udongo, nao kwa maoni yangu una hatari kuliko mlima. Gari lililoshindwa kupanda litakula fedha zako. Gari lililoshindwa kusimama litakula watu. Breki ni vipande vinavyosuguana, na msuguano ni moto. Dereva akikanyaga breki tangu juu mpaka chini huku amebeba mzigo, breki hupata moto na kupoteza nguvu yake, nazo humwacha pale pale anapozihitaji sana. Lakini ukitia 4L juu ya kilima, ukashuka kwa gia ya kwanza au ya pili huku mguu hauko kwenye mafuta wala kwenye klachi, injini yenyewe italizuia gari. Breki utaigusa kidogo tu. Na ikiwa udongo umelowa ukaona magurudumu yameanza kuteleza bila ya kuzunguka, usikanyage breki kwa nguvu. Tia mafuta kidogo sana ili magurudumu yazunguke tena, na usukani utarudi kukutii.

Wapo madereva wanaotoa gia mteremkoni ili, wasemavyo, kuokoa dizeli. Hayo ni makosa mara mbili. Kwanza, gari halina kizuizi ila breki peke yake. Pili, injini ya dizeli inayosukumwa na gari, huku mguu hauko kwenye mafuta, hainywi karibu kitu. Basi wanahatarisha roho za watu kwa ajili ya akiba isiyokuwapo.

Mahali pa tatu ni penye mawe na mashimo, kama vile penye miamba ya matumbawe iliyochomoza. Hapo mbio huvunja springi na kupasua tairi. Gia ya chini hukuwezesha kupanda jiwe moja moja kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Mahali pa nne ni kivuko cha mto mdogo. Mito yetu, kama Mkurumudzi unaotoka Shimba Hills na Mwachema unaoingia baharini kati ya Tiwi na Diani, yaweza kuwa mitulivu asubuhi na jioni ikawa mingine kabisa. Shuka, upime maji kwa fimbo ukiona yametulia. Ikiwa maji yanakimbia, au huoni chini, usiingie, hata kama una gari la namna gani. Gia ya chini haina nguvu juu ya mafuriko. Ikiwa maji ni machache na chini ni pagumu, vuka kwa 4L polepole bila ya kusimama wala kubadili gia, na ukifika ng'ambo kanyaga breki mara kadhaa ili zikauke.

Mahali pa tano ni kuvuta: kutoa kisiki, kurudisha tela shambani, au kumvuta jirani aliyekwama. Vuta polepole mpaka kamba ikaze, kisha endelea kwa nguvu moja. Usivute kwa kushtua. Na watu wote wakae mbali na kamba, kwa kuwa kamba ikikatika hupiga kama mjeledi na yaweza kuua.

MAHALI PASIPOFAA

Lami ndipo pasipofaa zaidi. Katika pikapu nyingi, ukitia 4H au 4L, magurudumu ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja yazunguke sawa. Lakini kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo tofauti hiyo humalizika kwa tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu tairi haliwezi kuteleza, basi chuma hujisokota, usukani huwa mzito, tairi huliwa, na mwisho kitu huvunjika ndani ya transfa. Kwa hiyo, ukishuka kutoka Kwale kwenda Kombani na mzigo mzito, usitie 4L. Weka 2H, na ushuke kwa gia ya pili au ya tatu ya kawaida ukiizuia gari kwa injini. Fikra ni ile ile, ila gia ni nyingine. Yapo magari machache, kama Land Rover za toleo la 1983 na baada yake, yenye difu ya katikati iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye gari kama hilo na afuate kitabu chake.

Mchanga mwingi nao una sheria yake. Mchanga hutaka mwendo usiokatika, si nguvu ya ghafla. Mara nyingi 4H hutosha, ukianza kwa gia ya pili. Ikiwa gari limeelemewa, tia 4L lakini uendeshe kwa gia ya tatu ili magurudumu yasizunguke kwa nguvu. Kinachosaidia kuliko gia ni kupunguza upepo wa matairi, kwa sababu tairi lililolegea hukanyaga mahali papana zaidi, kama mguu wa ngamia. Lakini gari lenye mzigo mzito lisipunguzwe upepo sana, wala lisiende mbio likiwa hivyo, na upepo urudishwe kabla ya kufika lamini.

Tope tambarare linaloteleza, lisilo na mlima wala shimo, nalo hutaka 4H na mwendo wa kiasi. Mwisho, gia ya chini si ya safari. Ukijiona unasogea kilomita 30 kwa saa na injini inalia, umekwisha kupita mahali pake. Simama uitoe.

JINSI YA KUITIA

Simama kabisa. Kanyaga klachi, mkono mkubwa wa gia uwe katikati, usiwe katika gia yoyote. Kwa gari la otomatiki uwe kwenye N. Sogeza mkono mdogo, au zungusha kitufe, mpaka 4L, na ungoje taa iwake ikiwa gari lako lina taa. Usilazimishe. Ikikataa, achia klachi kidogo, kanyaga tena, ujaribu. Pikapu nyingine zina vifungo katikati ya magurudumu ya mbele. Hapana budi dereva ashuke avizungushe kwa mkono mpaka kwenye neno LOCK. Asipofanya hivyo, atatia 4L na magurudumu ya mbele hayatavuta kitu, naye atafikiri gari ni bovu.

Tena, si kila pikapu ina mkono huu. Nyingi zinazouzwa zina sura ile ile lakini huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Kikundi kinachotaka kununua gari lililotumika kisiridhike na maneno yaliyobandikwa ubavuni. Chungulieni chini kama kuna difu na shafti mbele. Kisha lipelekeni kwenye udongo, tieni 4L, na mlione likipanda mlima mbele ya macho yenu kabla fedha haijatoka mfukoni. Na likishakuwa lenu, litumieni. Vitabu vya Toyota hushauri gari liendeshwe kwa magurudumu manne kadiri ya kilomita 16 kila mwezi ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Njia zetu za udongo zafaa sana kwa kazi hiyo.

WANAOPINGA

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Gia ya chini inakula mafuta." Ni kweli, kwa kila mita gari hula zaidi. Lakini mlima wetu ni mita mia mbili au mia tatu, si safari ya Nairobi. Linganisha dizeli ya mita hizo na bei ya klachi moja, pamoja na siku ambazo gari limelala kwa fundi huku maembe yakiiva mtini. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu ataifanya.

Wa pili atasema, "Dereva hodari hahitaji." Huyu namheshimu, lakini nasema hapana. Hodari ni yule anayefika kila siku na gari zima. Kupanda kwa mbio huku matairi yanarusha udongo hupendeza watazamaji, lakini huacha makovu njiani. Mvua inayofuata hupita katika makovu hayo, na kovu huwa korongo. Pikapu moja inayozungusha magurudumu bure yaweza kuharibu njia ambayo jirani zako ishirini wataihitaji kesho. Mwenda pole hajikwai, na njia aliyopita haiumii.

Wa tatu ana neno zito zaidi. Atasema, "Tunachohitaji ni barabara, si gia. Mnatufundisha kuvumilia ubovu." Neno hili silikatai. Katiba ya mwaka 2010 imeziweka barabara za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, na mkulima ana haki ya kuzidai kwa sauti katika mikutano yote. Lakini hata siku barabara kubwa zitakapokuwa njema zote, bado itabaki njia ya kutoka mwembeni mwako mpaka kwenye barabara hiyo. Njia hiyo ni yako na ya jirani yako. Mkichimba mtaro wa kando na kuyageuza maji kabla hayajateremka katikati ya njia, mtakuwa mmefanya kazi kuliko gia yoyote iliyopata kutengenezwa. Tena iko siku ambayo jawabu la kweli ni kungoja. Udongo uliolowa usiku waweza kukauka kufikia saa sita mchana. Embe moja kukaa nusu siku kivulini ni hasara ndogo kuliko gari kulala bondeni.

SHERIA ZA KIKUNDI

Kwa hiyo natoa shauri kwa kila kikundi chenye pikapu, au chenye desturi ya kukodi. Andikeni sheria chache na mziwekee mkono.

Kwanza, dereva asikabidhiwe ufunguo mpaka aonyeshe mbele ya wanachama jinsi ya kutia na kutoa gia ya chini, kupanda na kushuka nayo. Pili, itajeni milima na miteremko ya njia yenu kwa majina yake, na pawe na alama mahali pa kusimama na kutia 4L, na mahali pa kuitoa. Tatu, asiwepo mtu juu ya mzigo mahali hapo. Nne, pawe na sepetu, kamba nzuri na mbao mbili ndani ya gari siku zote. Tano, mkulima yeyote aliyepakia mzigo wake awe na ruhusa ya kumwambia dereva, "Simama, tia gia kwanza," wala asiambiwe kwamba anaingilia kazi isiyo yake.

Sheria hii ya tano ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Siku ile ya vuli tulikuwa watu wengi kando ya njia. Wawili watatu kati yetu tulijua gari lile lina gia ya chini, na tulijua mahali pa kuitia ni pale chini, kabla ya mlima. Tulinyamaza, tukasema dereva anajua kazi yake. Tukaja kusema baadaye, tulipokuwa tumeshika makreti mabegani na tope limetufika magotini. Maneno yetu yalikuwa kama gia yake: ya kweli, lakini yamechelewa.

Basi, ndugu mkulima, masika yajayo utakapoona pikapu imejaa na inaukaribia mlima wa kwenu, usingoje harufu ya klachi. Inua mkono, uisimamishe, umwambie dereva maneno matatu tu: "Tia gia kwanza." Akikasirika, mwache akasirike. Mzigo ni wako.